Pad za Breki Zilizobaki Mezani

Asubuhi ile mke wangu Wilkista alikunywa chai amesimama. Hilo halikuwa jambo jipya. Miaka arobaini na mbili sikumwona akimaliza kikombe akiwa ameketi. Alishika kikombe kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ulikuwa unazungusha gurudumu la baiskeli kwenye meza yake ya kazi, pale chini ya mabati nje ya jikoni. Gurudumu linazunguka, anasikiliza. Analisimamisha kwa kidole. Analizungusha tena.

Ulikuwa mwezi wa nne. Mvua ilikuwa imepumzika kidogo na wachumaji walishaingia kwa majani chai ya jirani. Mimi nilikuwa natafuta kamba ya ng'ombe.

Wilkista alivaa koti lake la kijani, akachukua mkoba, akatoka. Jirani yetu Phyllis alikuwa anamngoja langoni waende soko la Litein pamoja. Alipofika kwa lango aligeuka, akaniambia kitu. Maneno marefu kidogo. Mimi nilikuwa nyuma ya zizi, ng'ombe ananivuta, akili yangu yote iko kwa kamba. Nilijibu, "Mm."

Kabla ya saa saba watu walikuja kuniita. Alianguka sokoni, kwa mlango wa duka la spea la Kimeli. Presha. Walimkimbiza hospitali, lakini alikuwa ameshaenda.

Mambo ya mazishi siandiki. Waliokuja walikuja, na Mungu awabariki. Nataka kueleza Wilkista alikuwa mtu gani, na nilifanya nini na kazi aliyoniachia.

Jina lake lote ni Wilkista Aluoch. Baba yake, Obonyo, alitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kwa kiwanda cha majani chai. Jioni Obonyo alitengeneza baiskeli za makarani mbele ya nyumba yake ya kampuni, na Wilkista ndiye alikuwa anamshikia gurudumu. Obonyo alipoanza kutoona vizuri, Wilkista alishika spana na baba akashika gurudumu. Hivyo tu. Hakuna mtu alimfundisha kwa darasa.

Nilipomleta nyumbani, mama zangu walimuuliza kama atajua kukamua. Aliwaambia, "Ng'ombe ni rahisi. Hana mnyororo." Mmoja akacheka, halafu wote. Baadaye walimletea baiskeli za vijana wao.

Mwaka wa vurugu za uchaguzi walikuja watu wakamwambia aende kwao. Aliwauliza kwao ni wapi, kama si mahali spana zake zimetundikwa. Nilisimama karibu naye na panga langu la kukatia nyasi. Walienda. Wilkista alirudi kwa gurudumu alilokuwa ameliacha.

Zamani baiskeli zote zilikuwa nyeusi na breki zake ni za fimbo. Hizo alizijua kama mimi ninavyojua chuchu za ng'ombe. Halafu zikaanza kuja za mitumba kutoka ng'ambo, na katikati ya gurudumu kuna sahani ya chuma yenye matundu. Inaitwa diski. Ukishika breki, pad mbili ndogo zinaibana hiyo diski huku na huku, na baiskeli inasimama. Mafundi wa Litein walizikataa. Wengine walizing'oa wakaweka breki za mpira. Wilkista alinunua moja iliyovunjika, akaifungua, akakaa nayo wiki tatu. Chakula kiliungua mara mbili. Nilikula.

Siku moja aliniita. "Baba Beverly, hebu njoo uone. Hizi vitu zina ndoa."

Alikuwa amepanga diski mezani. Akaniambia kuna diski laini na kuna diski ngumu. Na pad pia ni aina mbili. Kuna ya unga uliokandwa na gundi, hiyo ni laini, inashika bila kelele lakini matope yanaimaliza upesi. Na kuna ya unga wa chuma uliochomwa, hiyo matope haiyaogopi. Diski ngumu inavumilia pad ya chuma. Diski laini haivumilii. Pad ya chuma inaila kidogo kidogo mpaka inakuwa nyembamba kama kifuniko cha mkebe, halafu siku moja inakatika.

Zile laini nyingi zimeandikwa, alisema, lakini ni herufi ndogo za Kiingereza pembeni mwa diski. Mimi herufi nilijifunza nikiwa na mvi, na ni za Kiswahili tu. Nikamuuliza, "Sasa mimi nitajuaje?"

"Wewe ng'ombe wako unawajuaje?"

Nikamwambia tunawakata sikio. Ukoo huu unakata hivi, ule vile.

Akachukua tupa. Diski laini aliikwaruza alama moja karibu na skrubu, mahali pad haifiki. Ngumu, alama mbili. Pad nazo kwa bati la mgongo, laini alama moja, chuma alama mbili. Moja kwa moja, mbili kwa mbili. Tangu siku hiyo hata mimi niliweza kumpa kitu akikiita. Akinunua pad kwa Kimeli alikuwa anaomba tupa palepale na kuzitia alama kabla ya kuziweka kwa mkoba, zisije zikachanganyika njiani. Lakini pad iliyoletwa na mtu hakuitia alama mpaka aikague mwenyewe.

Watu walimsumbua. Hapa kwetu mvua ni kila siku na matope ni mekundu, kwa hivyo kila mtu anataka chuma. Wanasema, "Mama, niwekee chuma, hiyo laini itaisha mwezi mmoja." Yeye anauliza diski ni gani. Akiona alama moja, anakataa. Mwanamume mmoja alimwambia pesa ni yake na baiskeli ni yake. Wilkista alimjibu, "Na mlima pia ni wako?" Akamrudishia baiskeli yake bila pad yoyote. Kesho yake huyo mtu alirudi akakubali laini.

Kulikuwa na jambo lingine. Pad mpya hazishiki vizuri siku ya kwanza, ni lazima zizoezwe. Wilkista hakumwachia mwenye baiskeli kazi hiyo. Alifunga leso kiunoni, akapanda mwenyewe, akashuka mteremko wetu mpaka mtoni, anakimbia kidogo, anashika pole pole, anaachilia. Mara thelathini. Anahesabu kwa lugha ya kwao kwa sauti, achiel, ariyo, adek, wachumaji wanamwitikia kutoka shambani. Alifanya hivyo mpaka akiwa na miaka sitini na sita. Nilimwambia aache. Aliniambia nishike ng'ombe wangu.

Basi huyo ndiye aliyeenda.

Baada ya watu kutawanyika, nyumba ilinishinda. Nikiketi, nasimama. Nikifika kwa lango, narudi. Nilipanga spana zake kwa ukubwa, nikazipangua, nikazipanga. Mkoba uliletwa kutoka hospitali. Binti yetu Beverly alitaka kuufungua, nikamwambia auache. Niliutundika kwa msumari nyuma ya mlango, na kila nilipopita niliangalia upande mwingine.

Na yale maneno ya langoni yalinisumbua. Nilikuwa nimejibu "mm" na sikujua nilijibu nini. Phyllis aliyasikia, alikuwa amesimama hapo. Ningeweza kumuuliza siku yoyote. Lakini nikimwona anakuja na sukumawiki nilikuwa natoka kwa mlango wa nyuma naenda shambani. Niliogopa kuwa ni kitu kizuri. Niliogopa zaidi kuwa ni kitu cha bure.

Wiki ya pili alikuja Fancy. Fancy ni msichana wa hapa jirani, anafanya kazi ya afya, ya kuzunguka nyumba kwa nyumba kupima watoto. Gurudumu la mbele la baiskeli yake ndilo lilikuwa mezani, lile Wilkista alilokuwa analizungusha asubuhi ile. Alikuja pole pole, hakutaka kuniomba. Ananiita Kugo, yaani babu.

"Kugo, kama haijatengenezwa nitachukua hivyo hivyo. Nimehamishwa Soin. Naenda kesho."

Nikamwambia aketi. Nilifurahi, kusema ukweli. Mikono ilikuwa inataka kazi. Kazi ya mwisho ya Wilkista iko mezani, na mimi nimemwona akifanya hiyo kazi miaka na miaka.

Diski ya Fancy ilikuwa na alama moja. Kando yake, karibu kabisa, kulikuwa na pad mbili mpya kwa karatasi. Nilizigeuza. Hazikuwa na alama yoyote.

Hapo ndipo nilikosea, na nilikosea kama mchungaji. Kwa ng'ombe, ukikuta ndama hajakatwa sikio bado, unaangalia amesimama na nani. Ng'ombe aliyesimama naye ndiye mama yake. Nimeamua mashauri ya ndama namna hiyo tangu nikiwa kijana na sijawahi kumpa mtu ndama wa mwingine. Nikaona pad zimelala kando ya diski ya Fancy. Nikasema Wilkista hakupata nafasi ya kuzikata alama, basi. Nikazifunga. Sikupanda kuzizoeza pia, kwa sababu ya mguu wangu mbovu na huzuni yangu. Fancy alinishukuru, akaenda.

Usiku huo nililala. Ndiyo mara ya kwanza tangu mazishi.

Mwezi wa nane alikuja Alfayo.

Alfayo anauza mayai. Anabeba trei sita nyuma ya baiskeli kutoka Litein mpaka madukani huku ndani. Alisimama mbali, akazungumza habari za mvua, akazungumza habari za bei ya majani, akakunywa chai vikombe viwili. Nilijua ana kitu. Mwisho akasema, "Baba, ni aibu kuuliza."

"Uliza."

"Jioni ile kabla Mama hajaenda, nilimwachia pad. Nilinunua Kericho, za chuma. Aliniambia nizirudie kesho yake azifunge. Sasa singeweza kuja kuuliza pad kwa matanga."

"Hujaendesha baiskeli miezi yote hiyo?"

"Naendesha kwa tambarare. Kwa mteremko nashuka, natembea nayo. Watu wananicheka, wanasema nimeolewa na kuku." Akacheka kidogo, akaona mimi sicheki. "Baba?"

Nilimuuliza aliziacha wapi.

"Hapo mezani. Aliziweka hapo kando ya gurudumu, kwa karatasi."

Halafu niliingia nyumbani, nikatoa mkoba kwa msumari, nikaufungua. Leso. Kitabu cha kanisa. Miwani. Na bahasha ya duka la Kimeli, ndani yake pad mbili, kila moja na alama moja kwa mgongo, imekatwa kwa tupa, safi kabisa. Alikuwa ameshanunua za Fancy. Alikuwa anatoka dukani nazo.

Mkoba ulikuwa umekaa nyuma ya mlango wangu miezi minne.

Nilimwambia Alfayo ukweli hapo hapo. "Pad zako nilimpa Fancy. Na diski yake ni laini."

Alfayo ni mtu wa baiskeli, alielewa mara moja. "Na ya nyuma?"

"Ya nyuma ni ya mpira. Unajua mpira kwa matope."

"Na Soin ni milima tu ya kushuka," akasema. Halafu akaona amesema vibaya, akashika kofia yake.

Namba ya Fancy ilikuwa kwa simu ya Wilkista, na hiyo simu inafunguliwa kwa namba ambazo yeye tu alizijua. Nilimpigia Beverly, hana. Alfayo alienda mbio kwa mama ya Fancy, akarudi na namba. Tulipiga. Haipatikani. Tukapiga tena. Haipatikani.

Sikungoja. Nilichukua mfuko wa Wilkista wa spana. Ukutani nilitoa diski tatu za alama moja, kubwa na ndogo na ya katikati, maana sikukumbuka ya Fancy ni ipi. Nikaweka na ile bahasha. Alfayo alisema atakamua ng'ombe. Nilimwachia ndoo.

Ukitoka kwetu kwenda Soin ni kupanda kwanza, halafu majani chai yanaisha, nchi inashuka na joto linakuja. Nilibadilisha gari Kericho, na mwisho nilipanda boda boda. Mwenye boda alikuwa anaenda pole pole kwa heshima ya mvi zangu. Nilimwambia aende.

"Mzee, una mgonjwa?"

"Bado," nikamwambia. Akaenda.

Soin nilimkuta mama mmoja anauza nyanya, nikamuuliza Fancy wa kupima watoto. Alimjua. Akanionyesha barabara ya udongo inayopanda mlima nyuma ya maduka.

"Amepanda huko asubuhi. Atashuka tu sasa hivi. Utamsikia kabla hujamwona, hiyo baiskeli yake inalia kama nguruwe. Keti hapa kwa kivuli, mzee wangu."

Sikuketi. Nilianza kupanda. Mguu ulikuwa unauma na mfuko ulikuwa mzito, na kila kona niliona kama ningefika nikute watu wamekusanyika. Mkono mmoja wa barabara ni mawe. Mwingine hauna kitu, ni kushuka tu mpaka kwa mto.

Nilimsikia. Mama wa nyanya hakusema uongo. Ilikuwa sauti ya chuma kwa chuma, juu kabisa, inakatika, inaanza tena. Nilisimama katikati ya barabara, nikatandaza mikono yote miwili kama unavyomzuia ng'ombe aliyekata kamba.

Fancy alitokea kwa kona. Alishika breki, ikalia, akaburuta viatu vyote viwili chini, akanipita. Alisimama chini yangu kama hatua ishirini, vumbi linamzunguka.

"Mzee, unataka kufa?" Halafu akageuka akaniangalia. "Kugo? Kugo, nani ameaga?"

"Hakuna. Shuka kwa hiyo kitu."

Alishuka. Nilipiga magoti nikaangalia. Diski ilikuwa imeliwa mpaka imekuwa na makali, na rangi yake imegeuka buluu kwa moto. Nikaipitishia kucha, ikaingia kwa mifereji. Kwa mguu mmoja wa diski, kutoka tundu moja mpaka lingine, kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nikamwonyesha.

Fancy aliinama. Halafu akasema, "Jana nilimbeba mama mjamzito hapo nyuma. Mpaka chini."

Niliketi kwa jiwe.

"Ni mimi," nikamwambia. "Pad nilizokuwekea hazikuwa zako. Zilikuwa za Alfayo wa mayai. Zako Wilkista alikuwa amekununulia, ziko hapa. Zilikuwa kwa mkoba wake, na mimi sikufungua."

Fancy aliiangalia bahasha. Nilingoja anitukane, na ningekubali. Alisema, "Na mimi nilidhani inalia kwa sababu ni uzee. Nilikuwa nimepanga kuipaka mafuta ya kupikia leo jioni."

"Usipake breki mafuta."

"Naona umekuja kwa wakati mzuri, Kugo." Akacheka, akaweka mikono kwapani.

Tulitengeneza hapo barabarani. Baiskeli tuliigeuza miguu juu. Nilitoa gurudumu, nikafungua skrubu sita kwa ule ufunguo mdogo wa nyota, nikatoa diski iliyoliwa. Kati ya zile tatu nilizobeba, ya katikati ndiyo ilikaa. Nilipotaka kuifunga Fancy alinishika mkono.

"Mama alikuwa anaifuta kwanza. Nilimwona. Alisema vidole vina mafuta."

Ni kweli. Nilikuwa nimesahau. Fancy alitoa spiriti yake ya kazi na pamba, akaifuta huku na huku, mimi nimeshika pembeni tu. Nikafunga skrubu, moja huku, ya pili ng'ambo yake, vile alivyofanya yeye. Nikaziweka pad. Alama moja kwa alama moja. Nikalizungusha gurudumu, nikasikiliza. Halikulia. Nikalisimamisha kwa kidole, nikalizungusha tena.

"Imeisha?" Fancy akauliza.

"Bado. Lete."

"Lete nini?"

"Baiskeli. Haijazoezwa."

"Kugo, wewe una miaka mingapi?"

"Sabini na nne."

"Mimi nitaizoeza. Niambie tu inafanywaje."

"Haitoki kwa mkono wa fundi kabla fundi hajashuka nayo," nikamwambia. Hayo ni maneno ya Wilkista na nilisema kama ni yangu.

"Basi acha mimi nikae mbele, ukianguka uniangukie."

"Kaa nyuma yangu. Usiniangalie sana."

Kutoka hapo kwenda chini mteremko umepungua kidogo, na barabara ni pana. Nilipanda. Kusema kweli nilikuwa sijapanda baiskeli miaka minane. Nilikimbia kidogo, nikashika pole pole, nikaachilia. Achiel. Kidogo, nashika, naachilia. Ariyo. Mwanzo haikushika sana. Adek. Mara ya saba niliisikia inaanza kuuma, bila kelele, kama mtu anayekushika mkono kwa nguvu. Mimi kwa lugha ya kwao najua kuhesabu mpaka kumi, apar. Nilihesabu mpaka apar mara tatu. Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi juu ya mawe waliitikia, wakidhani ni mchezo.

Chini kwa mama wa nyanya nilishika kwa nguvu mara moja ya mwisho. Ilisimama pale pale.

Fancy alifika akikimbia, mizani yake inaruka begani. Nilimpa baiskeli yake. Diski iliyoliwa niliiweka kwa mfuko.

"Nitakulipa nini, Kugo?"

"Hiyo ya nyuma, nenda ubadilishe mpira. Leo."

Nililala Kericho kwa mtu wa kanisa, na asubuhi nikarudi. Alfayo alikuwa amekamua, na alikuwa amemwambia kila mtu. Niliitundika diski ya Fancy ukutani. Niliikata alama moja kubwa, mtu yeyote aione.

Halafu sikuingia nyumbani. Nilienda moja kwa moja kwa Phyllis. Alikuwa anachambua maharagwe nje. Alisogea kwa benchi, nikaketi.

"Baba Beverly. Leo hujapita kwa mlango wa nyuma."

"Nataka uniambie," nikasema. "Asubuhi ile, pale langoni, aliniambia nini?"

Phyllis aliweka ungo chini.

"Nilikuwa nangoja uniulize tangu mwezi wa nne. Nilidhani ulisikia. Ulijibu."

"Nilijibu mm."

"Ulijibu mm," akasema. "Na tukiwa njiani alicheka, akasema hujasikia hata neno moja, na kwamba akirudi atakuambia tena."

Nikamwambia aseme vile alivyosema, asiongeze na asipunguze. Phyllis aliangalia kwa lango letu, akasema maneno ya Wilkista:

"Baba Beverly, hizo pad ziko mezani ni za Alfayo, usimpe Fancy, zitamlia diski. Na chai yako nimefunika, usiache ipoe kama jana."